Safu ya Wengineo

Kitabu cha pili cha Samweli kinaishia kwa habari inayonisumbua. Mfalme Daudi anaamuru watu wake wahesabiwe, kutoka Dani mpaka Beersheba. Yoabu, jemadari wake, mtu asiyesifika kwa uchaji, anasita na kumsihi bwana wake aache. Mfalme anashikilia lake. Wahesabuji wanazunguka nchi miezi tisa na siku ishirini, wanarudi na jumla yao, na hapo moyo wa Daudi unaanza kumpiga. Kisha inakuja tauni. Wafasiri wamehangaika karne nyingi kutafuta kosa lilikuwa wapi, maana mtawala asiyejua idadi ya watu wake atajuaje ghala lijazwe kiasi gani? Bibi zetu wasingehangaika. Mwulize bibi ana wajukuu wangapi, atakwambia Mungu amemjalia, wapo. Ukimkazania atakutazama vingine.

Habari hiyo ilinirudia nilipokuwa nikipitia sensa ya Malaysia ya mwaka 2020. Nchi ile ina watu milioni 32.4, wanaoishi pande mbili za Bahari ya China Kusini: wengi kwenye rasi iliyo chini ya Thailand, wengine katika majimbo ya Sabah na Sarawak kwenye kisiwa cha Borneo. Ukiwaondoa wasio raia, wapatao milioni 2.7, waliobaki wamepangwa katika safu nne. Bumiputera, yaani wana wa nchi, asilimia 69.4. Wachina 23.2. Wahindi 6.7. Wengineo 0.7. Jumlisha, utapata mia kamili, hakuna kilichobaki nje. Nadhani ni huko kutobakisha kitu kunakonitia mashaka.

Kwani ndani ya safu ya kwanza yumo Mmalay wa Kelantan anayelima mpunga. Yumo Miban wa Sarawak ambaye babu yake alilala katika nyumba ndefu kando ya mto Rajang, ukoo mzima chini ya paa moja. Yumo Mkadazandusun wa Sabah, anayekwenda kanisani Jumapili na kila mwisho wa Mei anasherehekea roho ya mpunga. Wamo Orang Asli, watu wa asili wa rasi, makundi 18, waliokuwamo msituni kabla ya wote hao. Ndani ya Wachina mna Wahokkien, Wahakka, Wakantoni, Wateochew na Wahainan, ambao babu zao wasingeweza kupatana bei ya samaki bila mkalimani. Wahindi wengi ni Watamil, wajukuu wa watu walioletwa na Waingereza kugema mpira, lakini wamo pia Wamalayali, Watelugu, na Masingasinga ambao wengi wao walikuja kama askari na polisi. Na Wengineo? Hao nitawarudia. Ndio walionifanya nishike kalamu.

Safu hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Mwanasosholojia Charles Hirschman aliandika mwaka 1987 kuhusu jinsi zilivyotokea. Katika sensa ya mwaka 1871 ya makoloni ya Mlango wa Melaka, orodha ilikuwa ndefu na imepangwa kwa alfabeti: Waacheh, Waarabu, Wabugis, Wajava, Waajemi, kila mmoja mahali ambapo herufi ilimweka, isipokuwa Wazungu waliojitanguliza juu, kama ilivyokuwa kawaida yao. Kufikia mwaka 1891 makarani walikuwa wamechoka, au wamekuwa werevu. Wakaweka vichwa vichache, na watu wakapangwa chini ya vichwa hivyo. Wamalay na wenyeji wengine wa visiwa, kichwa kimoja. Watamil na wenyeji wengine wa India, kichwa kimoja. Mbugis aliyelala Mbugis aliamka akiwa aina ya Mmalay, wala hakuna aliyembishia hodi kumwarifu.

Tazama safu ya Wamalay peke yake. Nasaba ya masultani wa Selangor ni ya Wabugis kutoka Sulawesi. Negeri Sembilan hushika desturi za Waminangkabau wa Sumatra, ambako ukoo na ardhi ya ukoo hupita kwa mama. Na jimbo dogo la Perlis, kaskazini kabisa, hutawaliwa na ukoo wa Jamalullail, masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Msomaji wa Lamu atasimama hapo, na ana haki ya kusimama. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, akaanzisha msikiti wa Riyadha na kuyapa maulidi ya Lamu sura tuliyoizoea, alikuwa Jamalullail vilevile. Ukoo mmoja, pwani mbili za bahari ileile. Huku mjukuu wa ukoo huo ni sharifu na watu humbusu mkono. Kule mmoja wao ni raja, na karani wa sensa akifika kwake ataandika Mmalay. Hakuna aliyedanganya. Ila namba imepita juu ya maisha ya watu hao bila kuyagusa.

Katiba ya nchi, kifungu cha 160, inamweleza Mmalay kwa namna iliyonishangaza nilipoisoma mara ya kwanza. Ukiacha sharti la uzawa wa nchini, haiulizi damu. Mmalay ni mtu anayefuata Uislamu, anayezungumza Kimalay kwa kawaida yake, na anayeshika desturi za Kimalay. Kwanza kifungu hicho kinapendeza. Kabila limefanywa jambo la kuishi, la ulimi na mwenendo na sijida, na hilo ni bora mara mia kuliko rangi na umbo la pua. Kisha ukiendelea kukaa nacho kinaanza kutisha. Sala imewekwa mlangoni mwa kabila. Mtu akiamka usiku wa manane, akatawadha, akasimama gizani, anamwendea Mola wake, au anathibitisha kwamba bado yumo katika asilimia 69.4? Pengine hata yeye hawezi kutenganisha. Sisemi hivyo kumhukumu. Wengi wetu husali na kabila letu begani, tukamwambia Mungu mambo ambayo kwa kweli tunawaambia majirani. Tofauti ni kwamba kule jambo hilo limeandikwa katika sheria, na sheria ina makali ambayo mazoea hayana.

Muda mrefu kabla ya makarani wa Uingereza, mtu mmoja alijaribu kuorodhesha watu wa bandari ya Melaka. Alikuwa Mreno, mtaalamu wa dawa, jina lake Tomé Pires, naye aliishi pale kati ya mwaka 1512 na 1515. Katika kitabu chake, Suma Oriental, alidai kwamba bandarini mle zilisikika lugha 84. Nani alizihesabu, sijali sana. Kilichonigusa ni orodha yenyewe ya watu. Wanatajwa watu wa Cairo, wa Makka, wa Aden, Wahabeshi, na katikati yao, bila maelezo, kama jambo lisilohitaji maelezo, watu wa Kilwa na Malindi. Kisha wanafuata wa Hormuz, Waajemi, Waturuki, Wagujarati, na orodha inaendelea mpaka China na visiwa vya viungo.

Watu wa Kilwa na Malindi. Walikuwa wamevuka bahari yote ile, kwa kawaida kupitia Gujarat ambako wafanyabiashara wa magharibi walikusanyika kuungana na vyombo vya huko. Na mtu aliyefika Melaka hakuweza kushusha mzigo, kupokea fedha na kuondoka kesho yake. Pepo ziliamua. Aliyeletwa na msimu mmoja alisubiri msimu mwingine umrudishe, na kati ya misimu hiyo ilikuwapo miezi. Miezi ya kupanga chumba kwa mtu asiyemjua Mungu wako kwa jina ulilozoea. Miezi ya kununua mchele kwa mwanamke anayefukiza udi mbele ya sanamu. Ukiugua, wa kukupa maji ni huyo. Nadhani pepo za misimu zilifundisha kitu ambacho mahubiri hayafundishi vizuri, nacho ni kukaa. Kukaa mahali ambapo huwezi kuwabadilisha watu wala kuwakimbia, mpaka upepo ugeuke.

Masultani wa Melaka, ambao walikuwa Waislamu, waliweka mashahbandari wanne kusimamia wageni bandarini: mmoja wa Wagujarati, ambao walikuwa wengi kupita wote, mmoja wa watu wa pwani nyingine za India na Burma na Pasai, mmoja wa Java na visiwa vya mashariki, mmoja wa Wachina na jirani zao. Safu nne, hata wakati ule! Mtu wa Kilwa bila shaka alipelekwa kwa shahbandari wa Wagujarati, kwa kuwa ndiko alikotokea. Namwona amesimama kwenye foleni hiyo akijaribu kueleza kwamba yeye si Mgujarati, kisha akiacha, kwa sababu kuna joto na foleni ni ndefu.

Mji huo una mtaa ambao nimeusoma na kuutazama katika picha na ramani mara nyingi. Sehemu moja unaitwa Jalan Tukang Emas, mtaa wa masonara. Mbele kidogo unabadilika jina. Katika mwendo wa dakika chache pana hekalu la Kihindu la Sri Poyyatha Vinayagar, lililojengwa mwaka 1781 kwenye ardhi iliyotolewa na Waholanzi waliokuwa wakitawala. Pana msikiti wa Kampung Kling, ulioanza kwa mbao mwaka 1748. Na pana Cheng Hoon Teng, hekalu la Kichina la karne ya 17, ambamo watu humwendea Guanyin, mwenye huruma. Watalii huambiwa kwamba huu ni mtaa wa upatanifu, wakapiga picha, wakaenda kula. Mimi sina hakika kama neno la watalii linatosha. Upatanifu ni wa ngoma na filimbi zinazopiga wimbo mmoja. Hapa kila nyumba ina wimbo wake, na haziimbi pamoja. Zinapishana tu, adhana ikipita juu ya kengele, moshi wa udi ukiingia dirishani kwa asiyeualika.

Msikiti ule haufanani na misikiti mtu anayoitarajia. Hauna kuba. Paa lake limepanda kwa ngazi tatu kama piramidi, kwa mtindo wa Sumatra, na mnara wake ungeusimamisha China ukadhaniwa pagoda. Ndani mna nguzo za mtindo wa Kigiriki, vigae vya Ulaya, taa kubwa ya kuning'inia ya wakati wa Malkia Victoria, na mimbari ya mbao iliyochongwa kwa mkono uliozoea nakshi za Kihindu na Kichina. Mafundi walijenga kwa walichokijua. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba sala iliyosaliwa chini ya paa lile ni pungufu. Hata hivyo, mwenye kusali pale anaelekea kibla, anatoa shahada ileile, na hekalu la jirani linabaki kwake kitu asichokishiriki wala kukikubali. Haya mawili yamekaa pamoja tangu karne ya 18. Nguzo zimeazimwa, imani haikuazimwa.

Hapo ndipo ninapopenda kutulia. Kuna wanaosema dini zote ni njia za kilele kimoja, na husema hivyo kwa moyo mwema. Lakini ukimwambia hivyo mzee anayetoka msikitini Kampung Kling, au mama aliyepiga magoti Cheng Hoon Teng, umewanyang'anya wote wawili kitu. Umesema kwamba wewe, uliyesimama nje, unajua wanachokifanya kuliko wao. Jirani yangu akisali sala nisiyoielewa, mbele ya nisiyemwabudu, kuna kitu ndani ya kifua chake ambacho sikupewa. Nakiona kama amana. Sina ruhusa ya kuifungua, sina ruhusa ya kuiharibu, na wala sina haja ya kuifananisha na yangu ili niweze kumwamkia asubuhi.

Si kwamba mipaka hiyo haivukwi. Penang, wakati wa Thaipusam, Watamil wanapopitisha gari la mungu wao Murugan barabarani, Wachina hupanga nazi kwa maelfu njiani na kuzipasua, kila mmoja na nadhiri yake. Siku za Idi, Mwaka Mpya wa Kichina na Deepavali, nyumba hufunguliwa kwa yeyote apite ale. Zipo nyumba za Wachina zenye sufuria na sahani za pembeni ambazo nyama ya nguruwe haijawahi kuzigusa, kwa ajili ya mgeni Mwislamu, kama vile kwetu Mkristo amwitavyo jirani Mwislamu aje kumchinjia mbuzi wa Krismasi. Katika hizo sufuria mna teolojia ambayo sijawahi kuikuta kwenye kitabu. Mwenye nyumba haamini kwamba nguruwe ni haramu. Anaamini kwamba mgeni wake anaamini, na hilo limemtosha kununua sufuria ya pili.

Lakini nisije nikapaka asali. Tarehe 13 Mei 1969, siku tatu baada ya uchaguzi mkuu, Wamalay na Wachina waliuana katika mitaa ya Kuala Lumpur. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 196. Wapo wengi wanaoamini walikuwa zaidi. Bunge lilisimamishwa. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Agosti, ikatangazwa Rukun Negara, nguzo tano za taifa ambazo hadi leo watoto huzisoma kwa sauti shuleni. Ya kwanza ni kumwamini Mungu. Nimeitafakari hiyo sana. Nchi imetoka kuzika, inatafuta kitu cha kwanza ambacho Mwislamu, Mbuddha, Mhindu, Mkristo na Msingasinga wanaweza kusema kwa pamoja, inaliweka hilo, na haisemi Mungu yupi. Mbuddha mkali angeweza hata kuuliza kama yumo. Kwa mwanasheria huo ni ulegevu. Kwangu mimi ni ukimya wa watu waliochoka, na huenda ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote ambazo serikali yoyote imewahi kuandika kuhusu dini, ingawa siwezi kuapa kwamba walioiandika walikusudia hivyo. Baada yake zilikuja sera za uchumi za kuwainua Bumiputera, na mabishano ambayo hayajaisha. Siyaingii.

Ukimya huo haukudumu kila mahali. Kitambulisho cha taifa, MyKad, huandika dini ya Mwislamu juu yake. Desemba 2005 alifariki mwanajeshi mmoja aliyekuwa katika kikosi cha Wamalaysia wa kwanza waliopanda Everest mwaka 1997. Mjane wake alisema mume wake ameishi na kufa Mhindu. Mamlaka ya dini ikasema alikuwa amesilimu. Mahakama ya Sharia ikatoa uamuzi kwamba ni Mwislamu. Mahakama ya kawaida ikasema haina uwezo wa kuingilia. Akazikwa kwa Kiislamu, mke akiwa nje ya maziko. Sijui mwanajeshi yule alisema nini na nafsi yake katika miezi yake ya mwisho, na nadhani hakuna mwingine anayejua, isipokuwa Yule ambaye wote waliokuwa wakigombania maiti walidai kumsemea. Ni hapo, kuliko penginepo, ninapoanza kumwelewa Yoabu. Alihofia pengine kwamba mtu akishaandikwa, maandishi hayo hukaa mahali pake, huzungumza kwa niaba yake, na siku akinyamaza ndiyo yanayobaki kusikilizwa.

Ndani ya Melaka hiyohiyo kuna kilima kinachoitwa Bukit Cina. Ni makaburi ya Wachina, zaidi ya 12,000, mengine ya karne nyingi, yaliyochongwa kama kiti cha mawe kilichoegemea mteremko. Hekalu la Cheng Hoon Teng ndilo linaloyatunza. Miongoni mwa hayo mna makaburi ya Kiislamu pia, machache, yamelala hapohapo. Mwaka 1984 ulipoletwa mpango wa kukikata kilima ili pajengwe, watu walisimama, na kilima bado kipo. Asubuhi watu wa kila safu hupanda kufanya mazoezi, wakipita katikati ya wafu. Wafu nao hawaulizi.

Nimewaacha watu wa msituni, nao wana kitu cha kusema kuhusu kuhesabu. Watemiar, mojawapo ya yale makundi 18, huishi Perak na Kelantan, juu kwenye mito. Kwao nyimbo huja ndotoni. Roho ya mti, ya mto, ya kilima, ya mnyama, humjia mtu usingizini na kumfundisha wimbo, kisha mtu huyo huuleta kijijini. Usiku akiuimba, wanawake humjibu huku wakigonga jozi za mianzi juu ya gogo. Mtafiti wa muziki Marina Roseman aliishi nao akaandika kwamba nyimbo hizo hutumika kuponya, na kwamba msitu mzima kwao umejaa nafsi zinazoweza kuzungumza. Sasa fikiria karani anauliza: nyumba hii ina watu wangapi? Mtemiar atahesabu vichwa, kwa sababu ni mstaarabu. Lakini mti uliompa babu yake wimbo, je, umo? Ikikatwa miti ile, kama ilivyokatwa mingi kupisha mashamba ya michikichi, nani atapungua katika sensa? Hakuna. Jumla itabaki ileile, na mia itabaki mia.

Na kuna wasiohesabiwa kabisa. Bahari ya Semporna, mashariki ya Sabah, ina Wabajau Laut, watu ambao kwa vizazi wamezaliwa, wameoana na kuzeeka ndani ya mashua au katika vibanda vilivyosimama juu ya maji. Wengi hawana uraia wa nchi yoyote, kwa kuwa mipaka ya Malaysia, Ufilipino na Indonesia ilichorwa juu ya bahari waliyokuwa wakiivuka bila kuiona mistari. Mtoto wao asiye na karatasi haingii shule ya serikali. Juni 2024 vibanda vyao vingi katika hifadhi ya bahari ya Tun Sakaran vilibomolewa. Huku bibi akikataa kuhesabu wajukuu kwa kuogopa kijicho, kule kuna bibi ambaye angefurahi mno kama mtu angekuja na kalamu na kuuliza. Nimeona niiseme hii kabla sijaendelea kuisema vibaya sensa. Kuhesabiwa kunaweza kuwa jeraha. Kutohesabiwa ni jeraha la aina nyingine, na mwenye nalo hana hata jedwali la kulionyesha.

Wengineo, basi. Asilimia 0.7. Humo wamo Wasiam wa kaskazini, machotara wa Ulaya na Asia, na Wakristang wa Melaka. Hawa wa mwisho wana historia inayotuhusu. Wareno walioipora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505 ndio walioichukua Melaka mwaka 1511, chini ya Afonso de Albuquerque, ambaye miaka minne kabla alikuwa katika msafara ulioiteketeza Barawa. Walijenga ngome, wakaoa wanawake wa huko, wakatawala miaka 130, wakashindwa na Waholanzi. Watoto wa ndoa zile walibaki. Leo wajukuu zao wana mtaa wao Ujong Pasir, kando ya bahari. Wengi ni Wakatoliki, wengi wametoka katika nyumba za wavuvi, na wazee wao huzungumza Kireno kilichochanganyika na Kimalay, lugha inayoelekea kupotea. Juni 29, sikukuu ya Mtakatifu Petro, mashua hupambwa na padri huzibariki, ingawa samaki wamepungua tangu pwani ilipofukiwa kwa ujenzi. Damu ya mshindi imefika hapo: mvuvi, nusu asilimia na kitu, akingoja maji ya baraka. Hasira yangu ya pwani kuhusu Mreno ni ya kale na nimeirithi bila kuombwa ridhaa. Kwa mtu huyu sipati pa kuiweka.

Si mbali na hapo wapo Wachitty. Hao ni Wahindu, wajukuu wa wafanyabiashara wa Kitamil wa enzi ya masultani waliooa wanawake wa Melaka. Kitamil kimewatoka, huzungumza Kimalay, huvaa Kimalay, na humwabudu Shiva na Vinayagar, na mzee wao ndiye aliyelijenga hekalu lile la mwaka 1781. Ukitumia kipimo cha katiba, wana mambo mawili kati ya matatu. Siku za Parchu huwaandalia wazee waliokufa chakula juu ya majani ya migomba, vyakula vya Kimalay vya nazi na pilipili, kisha hutoka na kufunga mlango ili wafu wale kwa faragha. Karani huwaandika Wahindi. Na mimi, nikiwasoma, nimeanza kushuku kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu safu tatu za kwanza hazipo kabisa, na kwamba wote milioni 32.4, raja na mgema mpira na mlala mashua, wameandikwa katika ile ya nne.

Malaysia huhesabu watu wake kila baada ya miaka kumi hivi, kwa hiyo makarani watabisha hodi tena karibu na mwaka 2030. Kuna swali ambalo ningependa liwemo katika dodoso, ingawa hakuna mtakwimu atakayelikubali, kwa sababu majibu yake hayajumlishiki. Lisiulize unasali vipi. Liulize jirani yako anasali vipi, na akisali anaomba nini. Karani asubiri jibu, hata ikibidi akaribishwe chai. Nimejaribu kulijaza kwa mtaa wangu mwenyewe. Nyumba ya kushoto niliweza. Ya kulia nimeiacha wazi, nitakwenda kuuliza.